Chapa Chini ya Akala

Ebei fundi wa akala ndiye aliyelilia ushuru mpaka ushuru ukaja. Hilo hakuna wa kulikataa, maana aliulilia hadharani, amesimama, kofia mkononi. Lakini nani angemlaumu? Vita vya shifta, waasi wa kaskazini, vilikuwa vimeshaingia, njia za kaskazini zilikuwa nusu zimekufa, na bado mtu huyu alikaa kutwa nzima kwenye kibanda chake pale sokoni Isiolo, kisu mkononi, watu wakimpita kana kwamba hayupo. Walikuwa wanakwenda upande wa pili wa njia, kwa Mahamud.

Mahamud aliuza viatu vya plastiki. Vyekundu, vya kijani, vingine rangi ya maziwa, vimetengenezwa nchi za mbali huko, vikashushwa kwenye bandari za Wasomali, vikapanda ngamia na malori mpaka Isiolo. Vilikuwa vyepesi, na bei yake ilimfanya maskini acheke. Ati hata Nakuam, mke wa Ebei mwenyewe, alinunua jozi akaificha chini ya kitanda! Ebei aliiona. Siku hiyo uji wa asubuhi ulimshinda. Mke wa fundi viatu, jamani!

Na akala za Ebei hazikuwa na ubaya. Alikata tairi kuukuu za malori kwa kisu alichokilowesha maji kila mara, kwa sababu raba kavu haikubali kisu, kisha akapigilia mikanda kwa misumari mifupi. Ukivaa akala yake ungeenda Leparua na kurudi, mwiba usikufikie. Shida yake moja ilikuwa mlangoni pa msikiti. Watu wanavua, akala zote nyeusi, zote zinafanana, na wakitoka kuswali kila mtu anachukua iliyo karibu. Ugomvi kila Ijumaa.

Aliyeitatua shida hiyo ni Yattani, Mborana mfugaji, jirani ya Ebei kule mtaa wa Bulla Pesa, mtu wa utani mwingi. Siku moja alimrushia Ebei akala zake akasema, "Fundi, hizi zipige chapa ya ng'ombe wangu. Nimechoka kuvaa jasho la watu."

Ebei alichonga kisigino kwa chini mpaka kikawa laini, akakata pale chapa ya ukoo wa Yattani: mwezi mchanga umelala juu ya fimbo mbili. Kwenye vumbi la Isiolo mguu wa Yattani ukawa unaonekana wazi kabisa. Watu walipenda. Wakaja mmoja mmoja, kila mtu na chapa ya mifugo yake, hata Waturkana wenzake Ebei ambao msikitini hawaingii. Chapa ndiyo iliyompa Ebei jina. Lakini wateja wa namna hiyo walikuwa wa kuokoteza, na plastiki ya Mahamud ilikuwa inakwenda kama njugu.

Ndipo Bwana Kaberia alipoita baraza. Kaberia alikuwa karani wa biashara aliyeletwa kutoka Meru, kijana wa shati jeupe na maneno marefu. Alisema serikali inafikiria kupandisha ushuru wa viatu vya nje, ili mafundi na viwanda vya nyumbani vipate nafasi ya kupumua, na sasa wananchi waseme wanaonaje.

Ebei alikuwa wa kwanza kusimama. "Mimi sina mengi, Bwana Kaberia. Tairi imechakaa hapa hapa. Mkono ni wa hapa. Mtu akinunua kwangu, mimi nanunua maziwa kwa Yattani, Yattani ananunua unga kwa Mmeru, pesa inazunguka hapa hapa. Akinunua plastiki, pesa imepanda ngamia, kwaheri! Hairudi."

Watu wakapiga makofi. Mahamud akainuka polepole, akakung'uta vumbi kwenye kikoi. "Warya, ewe bwana Ebei, wewe fundi, sikukatai. Lakini tusidanganyane. Huu ushuru mnafikiri nitalipa mimi? Mimi nitauongeza kwa bei, halafu utalipwa na mama wa Garba Tula mwenye watoto wengi. Ushuru unalipwa na mguu wa maskini, wallahi."

"Nchi yetu ni changa," Kaberia akaingilia. "Mtoto mchanga hashindanishwi na mtu mzima. Lazima anyonyeshwe kwanza."

"Sawa. Atanyonya mpaka lini?" Mahamud akauliza. "Na siku akiota meno akamuuma mama yake, nani atamwachisha?"

Baraza zima likaangua kicheko. Ebei hakucheka. "Shibe yako ndiyo inasema hivyo," akamjibu Mahamud. "Mimi mtoto wangu Aule amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Viatu vya nje visipite! Hata kimoja!"

Basi, alichokiomba akakipata. Haikupita mvua moja, ushuru ukapanda. Na kwa sababu ya vita, kizuizi kikawekwa kwenye njia ya kaskazini, mzigo wa plastiki ukifika unalipishwa mpaka mwenyewe anaona heri auache pale pale. Duka la Mahamud likabaki na rafu tupu na kiatu kimoja kimoja cha mguu wa kushoto.

Kwa Ebei ikawa neema. Watu walipanga foleni. Aule akarudi shule. Nakuam alipata kanga mpya, na zile plastiki zake akazitoa chini ya kitanda mwenyewe, akicheka kwa aibu, akampa mtoto wa jirani. Hata Mahamud alikuja, maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara. "Nimeshindwa kukushinda, sasa nitakuuza," akasema. Akaagiza magunia ya akala. Akala za Ebei zikawa zinapanda malori kwenda Kinna, Rapsu, Garba Tula, kokote ambako askari waliruhusu lori kufika.

Sasa hapo ndipo Ebei alipokosea, na ngoja nilieleze vizuri maana wengine hulipotosha. Zamani mteja alikaa kwenye gogo, akakanyaga raba, Ebei akamchora mguu kwa mkaa, akamuuliza chapa yake. Lakini akala za gunia hazina mwenyewe. Utamuuliza nani chapa? Na watu wa mbali walitaka akala yenye chapa, siyo tupu, walisema tupu ni bandia. Ebei akachagua moja tu, akawa anaikata kwenye kila kisigino bila hata kufikiri. Alichagua ile ambayo mkono wake uliizoea, ile nzuri kuliko zote, ya mtu ambaye ng'ombe wake walisifika kwa unono. Mwezi mchanga juu ya fimbo mbili. Hakumuuliza mwenyewe.

Yattani aligundua aliposimama kisimani akaona mguu wake mwenyewe umeelekea mahali ambapo hajawahi kwenda. Alikuja kibandani siku hiyo hiyo, na utani wake aliuacha nyumbani.

"Ebei. Ile chapa ni ya baba yangu. Ng'ombe wangu akipotea hata kwa watu wasionijua, anarudi kwa sababu ya ile. Wewe umempa kila mpita njia?"

"Ni viatu tu, baba Halake. Si ng'ombe."

"Mtu akivaa jina langu akaenda kuiba, nani ameiba?"

Ebei aliona aibu, na aibu ikamfanya aahidi haraka. "Nitabadilisha. Acha nimalize hizi nilizokwisha kata." Yattani akakubali, maana walikuwa majirani, walikuwa wamezikiana watoto. Lakini zile zilizokwisha katwa zilipoisha, lori la Mahamud lilikuwa limesimama likingoja, na mkono wa Ebei ukaendelea na ile ile. Kesho, alijiambia. Kila siku alikuwa na kesho yake.

Kisha lori moja likashambuliwa na shifta kwenye njia ya Kinna. Watu walikufa, mmoja wao dereva aliyejulikana na kila mtu Isiolo. Askari wakaenda na wasoma nyayo wao, wakazunguka vichakani, wakarudi na kipande cha habari kilichofika sokoni kabla hawajashuka garini: kwenye mchanga palikuwa na mwezi mchanga juu ya fimbo mbili. Chapa ya mifugo inajulikana, haihitaji mkalimani. Jioni hiyo Yattani alitolewa kwenye boma lake akiwa bado na kibuyu cha maziwa mkononi, wakampeleka kambini nje ya mji.

Asubuhi Safiyo, mkewe, alikuja mbio kwa Ebei, shungi limeanguka mabegani. "Baba Aule, wewe unajua. Siku ya lori alikuwa Burat, anahangaika na ndama aliyevunjika mguu. Amewaambia watu wengi wanavaa chapa yake, wamemcheka. Wanasema Mborana gani anagawa chapa? Nenda uwaambie. Wanasema ndani ya siku chache wanampeleka mbali, na wanaopelekwa mbali sijaona akirudi mmoja."

"Naenda, mama Halake. Naenda sasa hivi," Ebei akasema, na alikuwa anamaanisha. "Lakini maneno matupu hawatayasikia. Nitachukua akala za watu wengine, niwaonyeshe chapa ile ile kwenye miguu tofauti. Watasema nini tena?"

Alitoka nje. Ndipo harufu ikampiga puani, raba inaungua. Moshi mweusi ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba moja, na nyingine, na nyingine, Bulla Pesa nzima. Alipita sokoni akakuta watu wako pekupeku. Mwuza miraa pekupeku. Wazee msikitini pekupeku. Watu ambao jana yake tu walivaa akala zake, leo walimtazama machoni wakasema hawajawahi kununua kitu kwake. Mmoja alimwambia, "Mimi? Mimi miguu yangu ni ya kuzaliwa nayo, bwana."

Akarudi nyumbani kuchukua zile alizoziweka akiba. Alimkuta Nakuam uani, macho mekundu kwa moshi, fimbo mkononi, anasukuma kilichobaki kwenye moto.

"Umefanya nini, mama Aule?"

"Nimekuokoa." Akasukuma kipande kingine motoni. "Unafikiri wakimaliza na mwenye chapa watamwacha mkata chapa? Una watoto, Ebei!"

Angemwambia nini? Hata yeye, moyoni mwake mahali ambapo hakutaka kupatazama, alisikia nafuu. Moto ule ulikuwa umemfichia kosa lake. Angeweza kukaa kimya, kuchukua kisu, kukata akala tupu zisizo na alama, na vita vikiisha nani angekumbuka? Akakaa pale kwenye gogo la wateja. Halafu akamsikia Safiyo upande wa pili wa ua, analia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, na akasimama.

Alikwenda kwa Mahamud. Mahamud alikuwa amefunga duka mchana kweupe. Alimfungulia mlango wa nyuma.

"Nipe jozi moja tu," Ebei akamwambia. "Najua hujachoma zote."

"Nimezika." Mahamud alikaa juu ya gunia tupu. Alikuwa amezeeka ghafla. "Hata kama nisingezika, nisingekupa. Fikiri kidogo, warya. Mimi Msomali, unikute na gunia la akala zenye chapa ile, mwaka huu. Nitawaambia ni biashara? Tangu siku hiyo sitaiona tena nyumba yangu."

"Yattani atakufa."

"Najua. Kila mtu anajua, ndiyo maana tunachoma." Akamtazama Ebei bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma Ebei zaidi. "Vile viatu vyangu vilikuwa vya kila rangi na kila namna, vingine vibovu hata. Askari angefuata unyayo gani? Wewe ulitaka visipite. Sasa mji mzima umevaa mguu mmoja."

Ebei akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma. Alirudi kibandani. Kipande cha tairi kilikuwepo, kisu kilikuwepo, maji yalikuwepo kwenye kopo. Akakata jozi mpya kwa mguu wake mwenyewe, watu wakimtazama kwa mbali kama mtu aliyerukwa na akili, akachonga visigino, akakata mwezi, akakata fimbo. Akazivaa. Nakuam alimfuata mpaka mwisho wa soko, anamvuta shati, anamsihi kwa Kiturkana, kisha akamwachia. Ebei akashika njia ya kambini katikati kabisa, kwenye vumbi jingi, ili kila hatua ionekane.

Ofisa mkubwa pale kambini alikuwa mtu mpole wa sauti. Hakumpiga. Alitoka nje akaangalia nyayo alizoziacha Ebei tangu lango, akainama, akaziangalia tena. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unyayo wa njia ya Kinna unaweza kuwa wa mtu yeyote aliyenunua."

"Yeyote, bwana mkubwa. Yattani hana makosa. Makosa ni yangu, niliuza kitu ambacho hakikuwa changu."

Ofisa akagonga meno kwa kalamu. "Si wewe uliyesimama kwenye baraza la Kaberia ukataka viatu vya nje visipite?"

"Ni mimi."

"Basi havitapita. Kwa ushuru wala bila ushuru. Nitasema vichomwe pale kwenye kizuizi cha njia. Watu wote wa mji huu watavaa vyako, na anayeishi nje ya mji vile vile." Alikuwa anasema taratibu, anafikiri anavyosema, na Ebei aliona wazo likimpendeza. "Lakini kila mtu alama yake. Hakuna mbili zinazofanana. Na kila alama utaileta hapa kwanza, pamoja na mwenyewe. Si ulitaka soko? Chukua lote."

Ebei alielewa vizuri sana. Tangu siku hiyo kila mtu wa Isiolo angetembea huku ameandika njia yake chini, na mwandishi ni yeye. "Na nikikataa, bwana mkubwa?"

"Ukikataa, nitajuaje kwamba unasema kweli? Mzee Yattani atabaki."

Mtaka cha mvunguni huinama, na Ebei akainama. Akasema ndiyo. Alilisema kwa ajili ya Yattani, na ni kweli lilikuwa kwa ajili ya Yattani, lakini lilitoka mdomoni mwake na halikurudi.

Wakamtoa Yattani. Midomo ilikuwa imevimba na mkono mmoja alikuwa ameushika kwa mwingine. Alipomwona Ebei macho yake yalichangamka, akataka hata kutania, akasema, "Fundi, umechelewa, nimekunywa chai yao mbaya peke yangu." Ebei machozi yakamjia.

"Anza na huyu," ofisa akasema.

Askari walileta tairi, kisu, mkaa na maji. Ebei akaweka raba chini. "Kanyaga, baba Halake," akanong'ona. Yattani hakuelewa, akamtazama, akamtazama ofisa, kisha akakanyaga. Ebei akauzungushia mguu ule mkaa. Ulikuwa mguu alioujua, wenye kovu la shoka kidoleni. Akauliza, bila kuinua kichwa, akate chapa gani.

"Ile ya zamani imechafuka," ofisa akasema. Akachukua kijiti, akachora kwenye mchanga ndoana moja, ya haraka, hata haikunyooka. "Mpe hii."

Hapo Yattani akaelewa. Alisimama mguu mmoja juu ya raba, na uso wake wote ukabadilika. "Ebei," akasema polepole, "mimi nimepiga chapa ng'ombe tangu utoto wangu. Tunamlaza, tunamkalia shingoni, na mmoja anamwambia pole. Nawe umekuja kuniambia pole?"

"Nilikuja kukutoa."

"Umenitoa," Yattani akakubali.

Ebei akalowesha kisu, akakata ile ndoana vizuri, kwa sababu hata akitaka mkono wake haujui kukata vibaya. Yattani akavaa. Safiyo alikuwa amekuja nyuma ya Ebei, anangoja nje ya lango; akamshika mumewe mkono ule mzima, na wakaanza kwenda nyumbani.

Ebei alisimama langoni akiwatazama. Aliona Yattani ameiacha njia. Alikuwa anapita kando, kwenye mawe meusi yaliyotapakaa mpaka mjini, anaruka kutoka jiwe mpaka jiwe, mzee mzima yule mwenye mifugo yake, na mkewe anamshikilia asianguke, ili mguu usiguse vumbi.

"Baba Halake!" Ebei akaita. "Baba Halake, pita njiani, hakuna tena neno!"

Yattani hakugeuka. Alikuwa anatafuta jiwe lingine la kukanyaga.